Meno ya Koko Yaliyofungiwa Kabatini

Harufu ya mahindi yanayochomwa kwenye mbabula hunitia hasira mpaka leo. Watu wengine wakiisikia humeza mate, husimamisha pikipiki, huchagua hindi moja lililokolea moto na kuendelea na safari huku wanatafuna. Mimi huvuka barabara. Hapa Nyakasanza, mtaani kwetu Bunia, mahindi mabichi yakishaanza kuingia sokoni, kila kona ina mama mmoja na mbabula yake ya makaa, na moshi unaingia mpaka ndani ya nyumba, unashika mapazia, unashika nywele. Nilipokuwa na miaka kumi niliipenda harufu hiyo kuliko zote duniani. Msimu mmoja tu ulitosha kuniharibia. Nitausimulia msimu huo jinsi ninavyoukumbuka, na asiyetaka kusikia watu wazima wakisemwa vibaya aache kusoma hapa hapa, kwa sababu sikukaa chini kuandika ili nimsafishe mtu. Na mimi mwenyewe nimo.

Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya Shangazi Masika, dada mkubwa wa baba yangu. Papa na Mama walikuwa Mongbwalu, Papa kwenye mashimo ya dhahabu, Mama akiwapikia wachimbaji, nami nikaachwa Bunia kwa ajili ya shule. Ndani tulikuwa watatu: Shangazi, mimi, na Koko, yaani mama yao Shangazi na Papa. Walikuwa wamehamia kutoka Butembo kabla sijazaliwa, na Shangazi aliuza vitenge sokoni. Alikuwa mwanamke msafi, msafi wa kutisha. Kila kitu chake kilifunikwa kitambaa: redio ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa, hata chupa ya chai ilivishwa. Ukutani lilisimama kabati la vioo, na ndani yake kulikuwa na bilauri ambazo hakuna mdomo wa mtu wa nyumba hiyo uliowahi kuzigusa, sahani zenye maua ya dhahabu ukingoni, na vikombe kumi na viwili ambavyo nilivijua kwa macho tu. Vyote vilikuwa vya wageni. Sisi tulinywea vikombe vya plastiki vilivyopasuka, tukiwa tumeketi tunatazamana na vile vizuri. Wala Shangazi hakuwa peke yake katika hilo. Nenda nyumba yoyote ya mtaa wetu wakati ule ungekuta hivyo hivyo, na mwanamke aliyetumia sahani yake nzuri siku ya kazi alionekana hana akili ya kutunza nyumba.

Koko alikuwa amepoteza meno yake moja baada ya jingine huko shambani Butembo, na mawili ya mwisho yalimtoka akiwa Bunia. Mwaka huo Papa alipokuja kututembelea alimwona mama yake akinyonya kipande cha nyama mpaka kikawa cheupe, kisha anakirudisha kwenye sahani polepole ili tusimwone. Kesho yake alimchukua mpaka kwa fundi wa meno mjini, mzee mmoja mpole mwenye koti jeupe lililopauka, na baada ya kwenda na kurudi mara nyingi, kung'atishwa nta na kufunguliwa kinywa kama ng'ombe wa mnadani, Koko alipata meno yake, ya juu na ya chini, yenye fizi za waridi. Nilikuwapo. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha mkononi kwa muda mrefu sana, akageuza shavu huku, akageuza kule, halafu akasema jambo lililotuchekesha wote: "Ee, huyu mama nilikuwa namujua."

Fundi alitueleza sote watatu, mimi, Papa na Shangazi, taratibu, kama mwalimu anayejua kwamba darasa halisikilizi. Koko ayavae kila siku, ili fizi ziyazoee. Akitaka kulala ayatoe, fizi zipumzike, nayo yalale kwenye maji safi ya baridi, kwa maana yakikauka yanaharibika. Ayasafishe kwa mswaki laini na sabuni kidogo, si kwa majivu wala mchanga, na asimame juu ya beseni lenye maji ili yakimponyoka yasipasuke. Maji ya moto, hapana kabisa. Asugue na fizi na ulimi pia. Aanze na chakula laini kilichokatwa vipande vidogo, atafune pande zote mbili, na pakianza kumchubua arudi, yeye atapunguza kidogo kwa tupa. "Hii meno haiko ya kuangalia," alimwambia Shangazi, kana kwamba alimsoma moyo. "Iko ya kutafunia."

Majuma mawili ambayo Papa alibaki nasi baada ya hapo yalikuwa ya raha. Koko alianza na ndizi mbivu, akaja kwenye maharage, kisha sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kisha samaki wa Kasenyi aliyechambuliwa mifupa. Mwanzoni mate yalimjaa na maneno yakawa yanamteleza, akajicheka mwenyewe. Juma la pili alinituma mahindi ya kuchoma. Aliyapukuchua kwa vidole, punje moja moja, akazitia kinywani na kuzitafuna akiwa amefumba macho, na ile sauti ya kutafuna ilimfanya atabasamu. Alinenepa usoni. Alianza kutembea mpaka sokoni na kurudi bila kukaa njiani. Papa akaondoka kurudi Mongbwalu akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana.

Alipoondoka tu, Shangazi akatwaa meno. Asubuhi ile aliyatoa kwenye bakuli la maji, akayapangusa, akayakausha vizuri, akayafunga kwenye leso mpya yenye maua, akayaweka ndani ya kabati la vioo nyuma ya vikombe, akageuza ufunguo. "Hii kitu iko ya bei kali," alisema. "Tukivaa kila siku, mwaka moja tu iko imeisha. Tutakuwa tunavaa dimanche na siku ya wageni." Tutavaa! Yeye mwenye meno yake thelathini na mawili, yenye nguvu ya kufungulia chupa, alisema tutavaa. Koko alimtazama bintiye, akamwaga maji ya lile bakuli. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mtoto wake, na wazee wa namna hiyo hujifunza haraka kutokuwa wasumbufu. Majirani walipopata habari walimsifu Shangazi. Masika anajua kutunza, walisema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Koko anakula nini siku za kazi.

Alikula uji. Asubuhi uji, mchana ndizi za kupondwa au mkate uliolowekwa kwenye chai, jioni uji tena, au maji ya sombe bila sombe. Jumapili asubuhi Shangazi alifungua kabati, akayatia meno kwenye bakuli, na kwa kuwa aliamini uchafu hufa kwa moto, akayamwagia maji yaliyotoka kuchemka. "Ya kuua microbe," alisema. Halafu akamvalisha mama yake kinywa jinsi alivyomvalisha kitenge cha kanisa, wakatoka. Kanisani watu walimjia Koko kumwambia amekuwa kijana. Tukirudi, kabla hata chakula hakijaiva, Shangazi ananyosha kiganja. Toa. Na Koko anatoa.

Mimi nilikuwa mtoto lakini nilikuwa na macho. Kitenge cha Koko kilianza kumzunguka mara mbili pale kilipokuwa kinamzunguka mara moja na nusu. Pembe za mdomo zilimpasuka, zikawa zinamwuma akipiga miayo. Choo kikawa taabu kwake. Akisimama ghafla alishika ukuta mpaka kizunguzungu kiishe, na ile safari ya sokoni aliacha, akaishia mlangoni, akaishia kitini. Kila aliyepita alitikisa kichwa na kusema, ni uzee. Neno hilo nalichukia. Mzee akikonda, ni uzee. Akianguka, ni uzee. Akinyamaza siku nzima, ni uzee. Watu wana kisingizio kilichowekwa tayari na hawahitaji hata kuinama watazame sahani ya mwenyewe kuna nini. Siku moja nilimwuliza kama anaumwa, akanivuta karibu na kuniambia kwa sauti ndogo, kama anayetoa siri ya aibu: "Kavira, tumbo iko ya kujaa. Lakini niko na njaa ya kutafuna."

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, na sitaruka. Shangazi alisafiri kwenda Aru kutafuta bidhaa, siku kumi. Kabla hajapanda gari aliniita, akavua ufunguo wa kabati kwenye pindo la kitenge chake, akautia kwenye uzi na kunivika shingoni. "Weye ni mutu mukubwa sasa," alisema. "Dimanche utamupatia Koko meno, kisha utarudisha. Siku ingine, apana. Asikudanganye." Sijui niwaelezeje. Mimi sikuwa mtu mkubwa wa kitu chochote. Shuleni nilikuwa wa katikati, nyumbani nilikuwa wa kutumwa. Ule ufunguo ulipogusa kifua changu nilihisi nimeongezeka urefu. Nililala nao. Nilioga nao. Wasichana wenzangu waliuliza ni wa nini, nikawajibu hauwahusu.

Siku ya nne Koko alitoka peke yake, akishika ukuta na ua, mpaka kwenye kona kwa mama wa mahindi. Akarudi na hindi moja la moto lililofungwa kwenye maganda yake, akaketi kitini mkabala na kabati, akalipakata. Harufu ilijaa nyumba nzima. "Kavira," aliniita. "Fungua kidogo. Nitakula haraka, kisha tutaisafisha na kuirudisha. Masika hatajua."

"Shangazi alikataza," nilisema.

"Najua alikataza. Lakini iko meno yangu, mutoto wangu."

"Alisema usinidanganye."

Hakukasirika. Afadhali angenipiga kofi, ningekuwa na kofi la kukumbuka. Alilipakata lile hindi mpaka likapoa, akalitazama kabati, akanitazama mimi na uzi wangu shingoni, kisha akaninyoshea. "Basi ule weye, lisiharibike." Nami nikalichukua. Nikalila pale pale, mbele yake, lote, mpaka gunzi likabaki tupu, na yeye alizitazama taya zangu zinavyokwenda. Nilikuwa na miaka kumi tu, watu wataniambia. Ndiyo, miaka kumi ilitosha kabisa kujua ninachofanya. Mtoto anayejua kukatalia mtu meno yake anajua.

Shangazi aliporudi alinisifu mpaka kwa majirani, akaniletea viatu vipya. Nilivivaa. Jumapili iliyofuata alialika watu wa kanisa kula baada ya ibada: mchungaji pamoja na kina mama sita wa kwaya ambamo yeye Shangazi aliimba. Sahani za maua ya dhahabu zilitoka, bilauri zilitoka, na meno yakatoka. Ila kufikia hapo, kwa kukaushwa wiki nzima na kuunguzwa kila Jumapili, yalikuwa yameshapinda, na fizi zenyewe zilikuwa zimenywea. Koko aliyavaa akiwa amekunja uso. Alisema yanamkata. Shangazi alisema atazoea, wageni wako mlangoni. Tukaketi, meza imejaa nyama ya mbuzi, wali, na sombe iliyotiwa karanga. Mama mmoja wa kwaya akasema, jamani, Koko anapendeza. "Koko, cheka kidogo bakuone," Shangazi akasema.

Koko alicheka kidogo wakamwona. Halafu akachukua kipande cha nyama, akakitia kinywani, akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili, nikaona machozi yamemlenga. Mara ya tatu hakuifikisha. Aliingiza vidole, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, yakiwa na uzi wa damu kwenye ile fizi ya waridi, akanyosha mkono mbele ya mchungaji na kuyaweka katikati ya sahani ya Shangazi, juu ya wali.

"Hii meno haiko yangu," alisema, na bila meno maneno yake yalitoka mapana, lakini kila mtu aliyasikia. "Iko ya kabati. Masika, pelekea kabati nyama, ikule. Mimi niko na njaa tangu papa ya Kavira alirudi Mongbwalu."

Mama mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Mchungaji alivua miwani akaifuta, na nakumbuka aliifuta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Shangazi alitazama sahani yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ameaibika mbele za watu, na niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba mimi nami nilistahili kuwekewa kitu kwenye sahani.

Kesho yake, kwa aibu na si kwa huruma, Shangazi alimpeleka Koko kwenye kituo cha afya. Mwuguzi alikuwa mwanamke mfupi asiye na subira. Alimpima uzito, akamvuta kope chini kutazama damu, akamkagua kidonda kwenye fizi, akatugeukia. Shangazi akamtangulia: ni uzee tu. "Haiko uzee," mwuguzi akasema. "Huyu mama iko na njaa." Shangazi akawaka, kwamba kwake chakula hakijakosekana hata siku moja, aulize mtaa mzima. "Chakula iko," mwuguzi akasema. "Meno iko wapi?" Shangazi alifungua mkoba, akatoa leso yenye maua. Mwuguzi aliitazama ile leso, akamtazama Shangazi, akaandika dawa za kuongeza damu.

Kutoka hapo tulikwenda kwa fundi. Aliyaweka meno mezani nayo yakayumba, maana hayakukaa sawa tena. Akauliza kama tuliyamwagia maji ya moto. Shangazi akaikunja ile leso yenye maua. Ya chini alifaulu kuyarekebisha, akayatia fizi mpya kwa ndani. Ya juu aliyachonga, akayachonga tena, akasema amefika mwisho, dawa ni kutengeneza mengine. Lakini wakati huo barabara ya Mongbwalu ilikuwa imefungwa na vita, Papa hakuweza kuja, na meno mengine hayakutengenezwa. Koko alichukua yale yale. Safari hii aliyashika yeye mwenyewe mkononi njia nzima, na tangu siku hiyo yalilala kwenye kikombe cha maji kando ya kitanda chake, kikombe kimojawapo cha vile vya wageni, alichokichukua kabatini bila kuomba. Aliyasafisha juu ya beseni lililotandikwa taulo chini. Aliyavaa Jumatatu mpaka Jumamosi, akatafuna polepole kwa kutumia zaidi yale ya chini, nyama akiitwanga kwanza kwenye kinu. Jumapili aliyaacha kwenye kikombe na kwenda kanisani kibogoyo. Shangazi alimsihi, alinuna, alipiga magoti mara moja. "Dimanche inapumzika," Koko alimjibu, akatangulia njiani, akisalimia kila mtu kwa kinywa wazi.

Alipata miezi minane ya namna hiyo. Alirudisha mwili kidogo, ila si wote. Kiangazi kilipokuja na vumbi lake alishikwa na kifua, na katika siku tisa akaondoka. Mwuguzi yule yule alisema mwili haukuwa na akiba. Sisemi Shangazi alimwua mama yake. Nasema mwanamke aliyevuka vita, njaa na safari za miguu alikonda ndani ya nyumba yenye chakula, mbele ya kabati, na watu tulikuwapo. Na sijamaliza. Siku ya kumzika, kabla watu wa matanga hawajaingia, Shangazi aliingia chumbani na kile kikombe. Alipotoka, Koko alikuwa na meno kinywani. Ilikuwa siku ya wageni.

Sasa nina miaka thelathini na minane, na nina meno matatu ya bandia upande wa juu, kwa hiyo hakuna mtu wa kunieleza jinsi chembe ya muhogo inavyochoma ikiingia chini yake. Nyumba ya Nyakasanza ni mimi ninayeitunza. Kabati niliuza. Shangazi yupo, amekaribia miaka themanini, hana mtoto mwingine wa kumtazama isipokuwa mimi, na meno yake yale ya kufungulia chupa yalikwisha zamani. Nilimtengenezea mengine. Fundi wa siku hizi ni kijana mwenye simu mbili, lakini masharti ni yale yale na mimi nayajua kwa moyo. Jioni nasimama naye kwenye beseni. Fizi anasugua, ulimi anasugua, nahesabu. Asubuhi, kabla ya chai, yanaingia kinywani. Anakula maharage, mchicha wa lengalenga, samaki, parachichi, na maji nampimia kwenye chupa. Tembe za presha anameza mbele yangu. Kila asubuhi anatembea mpaka kona ya pili na kurudi, mvua ikinyesha tunazunguka baraza. Akienda kupimwa wauguzi wanamshangaa. Majirani wananiambia Mungu atanilipa, kwa upendo nilio nao kwa mama huyu. Wanachokiita upendo mimi nakijua jina lake, nami nimekibeba miaka ishirini na minane. Kila tonge analotafuna ni kama namwonyesha: unaona? Ilikuwa rahisi hivi.

Jumanne moja ya mwezi uliopita alikataa. Nilimletea meno kwenye bakuli akageuza uso. Alisema hana haja nayo leo, fizi zimechoka, atakunywa uji tu. Kisha akaongeza, jinsi mzee anavyosema jambo la kawaida kabisa: "Tubakishe ya dimanche."

Sikumbuki niliweka bakuli wapi. Nakumbuka nimemshika kidevu. Nilimwambia afungue, nikasema maneno mengi, nikataja uzito wake, nikataja Koko, jina ambalo hatujalitaja kwa sauti ndani ya nyumba hii tangu nikiwa msichana, na mkono wangu mwingine ulikuwa tayari na meno ya juu, unayasukuma. Alikuwa mwepesi. Alikaza midomo na kunitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeogopa, anayesubiri niamue. Kidole changu kilikuwa ndani ya shavu lake. Ndipo aliposema, kwa shida, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unamzuia: "Kavira. Kinywa iko yangu."

Nilitoa mkono. Nilitaka kumjibu, maana majibu ninayo, nimeyatunza toka utoto, na kila moja ni la haki. Nikamwuliza tu, "Koko alikuambia hivyo?"

"Hakuniambia," alisema, huku anajipangusa mate kwa ukingo wa kitenge. "Sikumuuliza."

Nikayaweka meno kwenye kiganja chake, nikavikunja vidole vyake juu yake, nikaenda jikoni. Sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe. Mtu asije akadhani kwamba hapo ndipo tulipofika. Siku hiyo hakuyavaa. Nilimpikia uji kwa hasira, nikaukoroga mpaka usiwe na donge hata moja.